Bia ya ngano kwa dondoo ya kimea: dalili, chanzo na dawa yake

Kabla hujamwaga ndoo nzima ukidhani bia imeharibika, inuse, ionje, kisha ipime. Bia ya ngano ya Bavaria, ile inayojulikana kama hefeweizen, ina tabia ambazo kwenye bia nyingine zingehesabiwa kasoro. Ina ukungu, inanukia ndizi mbivu na karafuu, na siku za mwanzo ndoo inaweza kutoa harufu ya yai viza. Hayo yote ni yake, na sehemu kubwa ya malalamiko ninayoletewa huishia hapo.

Yanayobaki nikiyafuata hadi kwenye mzizi, mengi yanatoka mahali pamoja: joto la ndoo katika siku tatu za kwanza. Watu hulaumu kopo la dondoo (utamu wa kimea uliokamuliwa kiwandani, ukafanywa mzito au unga), hopsi (maua yanayoipa bia uchungu) na maji, wakati ndoo ilikaa jikoni ikichemka kwa joto lake yenyewe. Kwa hiyo hata kama dalili yako iko chini kabisa kwenye maelezo haya, soma kwanza sehemu ya joto, ile ya ndizi iliyopitiliza.

Ili tuelewane, nazungumzia pishi, yaani bia ya mpiko mmoja, la lita 20 lililotengenezwa kwa kilo 2.7 za dondoo ya ngano ya unga, au kilo 3.3 za dondoo nzito ya kwenye kopo. Hiyo inakupa uzito wa kuanzia wa takriban 1.050, yaani uzito wa maji ya kimea kabla ya kuchachuka, ukilinganishwa na maji safi ambayo ni 1.000. Hopsi ni chache, gramu 20 hadi 25 za Hallertau zikichemka saa nzima, pamoja na pakiti moja ya gramu 11.5 ya hamira ya bia ya ngano. Dondoo inayoandikwa "ya ngano" huwa tayari imechanganywa na shayiri kiwandani, kwa hiyo huhitaji kuongeza ya shayiri. Mwisho wa kuchachuka utegemee kati ya 1.010 na 1.014.

Siku imepita na kizibo cha hewa kimetulia tu

Fungua kifuniko kidogo uchungulie. Ndoo nyingi za plastiki zinavujisha hewa pembeni mwa kifuniko, na gesi inatoka huko bila kupita kwenye kizibo, kile kinachotoa gesi bila kuingiza hewa. Ukiona povu juu, au mduara wa uchafu wa rangi ya kahawia ulioganda ukutani mwa ndoo, kazi inaendelea. Funika uiache.

Kama hakuna kitu kabisa baada ya saa 48, tatizo ni hamira. Ama ilimwagwa kwenye maji ya kimea yaliyozidi nyuzi 40 ikafa, ama ilikaa miezi dukani kwenye rafu yenye joto kabla hujainunua. Mwulize muuzaji anaitunza wapi. Asiyeiweka kwenye friji usinunue kwake. Tia pakiti mpya mara moja, maana maji matamu yasiyo na hamira ni karamu ya bakteria.

Kinyume chake pia hutokea. Hamira ya ngano huinua povu zito kuliko nyingine, likaziba kizibo, na kifuniko kikaruka hadi darini. Acha angalau robo ya ndoo ikiwa tupu. Kama huna nafasi hiyo, ondoa kizibo siku mbili za kwanza, uchomeke mpira mnene unaoishia ndani ya chupa ya maji yenye dawa ya kuua vijidudu.

Ndizi imepitiliza, au bia inaunguza koo na kunukia dawa ya kufutia rangi ya kucha

Hamira hutengeneza sehemu kubwa ya harufu zake wakati inazaliana, yaani siku mbili tatu za mwanzo. Na kuchachuka kwenyewe hutoa joto: ndoo ya lita 20 inaweza kuzidi joto la chumba kwa nyuzi tatu hadi tano. Chumba cha Nairobi chenye nyuzi 20 kinakupa ndoo ya 23 au 24. Chumba cha Dar es Salaam mwezi wa Februari kinakupa ndoo inayozidi 30.

Pua yako itakuambia ulifika wapi. Ndizi nzito inayokaribia harufu ya bablishi ni dalili ya ndoo iliyokaa kwenye nyuzi 23 hadi 26. Bia hiyo inanyweka, ila imepoteza uwiano. Harufu ya rangi ya kucha, pamoja na ukali wa pombe unaouma kooni, ni ya ndoo iliyokaribia au kuvuka 30. Hiyo hata ukiizeesha chupani haitapona. Ipike upya.

Lengo ni nyuzi 17 hadi 20, na njia inaanza kabla ya kutia hamira. Kosa linalojirudia ni kupoza maji ya kimea hadi yawe vuguvugu, kutia hamira, halafu kutegemea kwamba yatapoa yenyewe. Hayapoi, hamira inaamka na kuyapandisha. Yashushe hadi 17 kwanza. Ukichemsha nusu tu ya maji, nusu nyingine iwe maji uliyoyachemsha jana yake na kuyalaza kwenye friji yakiwa yamefunikwa. Yanaposhuka ndani ya ndoo, joto linaporomoka hapo hapo.

Kisha weka ndoo ndani ya beseni kubwa la maji, yafike nusu ya kimo chake au zaidi, na uivalishe fulana kuukuu ya pamba ambayo pindo lake linazama majini. Dodoma, kwenye hewa kavu, fulana hiyo na feni vinatosha kushusha nyuzi kadhaa. Dar, Tanga na Mombasa hewa imeshiba unyevu, maji hayakauki upesi kwenye kitambaa, hivyo kazi yote inafanywa na barafu. Gandisha chupa nne za maji za lita moja na nusu. Mbili ziwe kwenye beseni, mbili kwenye friza, na uzibadilishe asubuhi na jioni.

Kipimajoto kisining'inie hewani. Kibandike kwenye ubavu wa ndoo, juu ya mstari wa maji ya beseni lakini chini ya usawa wa bia, ukifunike kwa kitambaa kilichokunjwa mara nne na utepe wa gundi juu yake. Hapo kinasoma bia, hakisomi chumba. Utashangaa usiku wa pili: chumba kimepoa, watu wamevuta mashuka, na ndoo ndiyo kwanza inapanda.

Siku ya nne acha kuweka barafu. Ndoo ikipanda yenyewe hadi 21 au 22 wakati huo haiharibu kitu, na inasaidia hamira kumalizia sukari iliyobaki. Mwenye friji ya zamani na kidhibiti joto cha kuchomeka ukutani amepumzika na habari ya mabeseni, na kama unapika mara kwa mara pwani, hicho ndicho kifaa cha kwanza ningekushauri ununue, kabla ya sufuria kubwa na kabla ya mapipa ya chuma.

Walioko Njombe, Limuru au Mbeya mwezi wa Julai wana tatizo la upande wa pili. Ndoo ikishuka chini ya 15, hamira inasinzia, bia inabaki tamu na haina harufu ya maana. Blanketi na kona ya ndani isiyo na dirisha vinatosha.

Ndizi ipo, karafuu haipo

Hapa anayetumia dondoo ana kikwazo ambacho anayepika kwa nafaka hana. Harufu ya karafuu inatokana na asidi ya feruliki iliyomo kwenye kimea, ambayo hamira huigeuza kuwa kemikali yenye harufu hiyo. Wapikaji wa Bavaria huipumzisha nafaka yao kwenye maji ya nyuzi 43 hadi 45 kwa dakika kadhaa ili asidi hiyo iachie. Dondoo yako ilipikwa kiwandani, na hatua hiyo wewe huna mkono nayo.

Unaweza kufanya mambo mawili. La kwanza ni kuchachusha kwenye 17 au 18 badala ya 20, ili ndizi isiifunike karafuu kidogo iliyopo. La pili, kama unapata kimea cha ngano kilichosagwa, chukua kilo moja, nusu ya ngano na nusu ya shayiri, uiloweke kwenye lita tatu za maji. Ikae nyuzi 45 kwa dakika 20, kisha uipandishe hadi 66 kwa saa nzima. Chuja, tumia maji hayo kuyeyushia dondoo, na upunguze dondoo ya unga kwa gramu 500 hivi. Waliokwisha kushughulika na kimea cha ulezi kwa ajili ya mbege hawatapata taabu na hatua hii; mkono tayari unaijua.

Usitupe karafuu za Zanzibar kwenye sufuria. Karafuu halisi inanukia kwa eujenoli, ambayo ni ndugu tu wa ile inayotoka kwenye hamira, na ni kali mno. Punje chache zinatosha kuifanya bia iwe na ladha ya dawa ya jino.

Kama hakuna ndizi wala karafuu, angalia pakiti. Kopo nyingi za dondoo huja na hamira ya kawaida chini ya kifuniko, na hiyo haitoi harufu hizi hata ukiibembeleza. Hamira ya mandazi nayo itachachusha vizuri tu, lakini bia ya ngano haitoki humo.

Harufu ya plasta ya kidonda, plastiki au hospitali

Watu huichanganya na karafuu. Karafuu ni tamu na ya kupasha. Hii inakauka ulimini na haiondoki. Karibu kila mara chanzo ni klorini iliyokutana na kemikali za kimea na hamira, na inahitaji kiasi kidogo sana ili isikike.

Klorini inaingia kwa njia mbili: maji ya bomba na Jiki iliyotumika kusafishia ndoo. Maji yachemshe dakika 15 bila kufunika, au yaache wazi usiku kucha. Iwapo mamlaka ya maji ya mji wako inatumia kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, kuchemsha hakutoshi. Robo ya kidonge cha Kampdeni (cha metabisulfiti, wanachouza wauza vifaa vya bia) kwa lita 20 inaiua papo hapo. Kuhusu Jiki, iache kwa ajili ya mashuka. Tumia dawa isiyohitaji kusuuzwa, kama ile yenye asidi ya fosforiki wanayouza wauza vifaa vya bia.

Pishi lililokwisha kupata harufu hii haliponi. Na kama maji hayana hatia na Jiki hukutumia, shuku hamira pori, hasa bia ikizidi kuwa nyepesi na kujaa gesi kila wiki.

Yai viza

Subiri. Hamira ya ngano hutoa salfa, na gesi inayotoka inaibeba. Wiki moja au mbili zaidi, harufu imekwisha.

Uzito wa kuanzia uko chini kuliko ulivyotarajia

Kama ulipima 1.038 na dondoo yote iliingia, hujakoroga. Dondoo nzito inakaa chini, maji uliyoongeza yanakaa juu, na wewe ulichota juu. Kwa dondoo hesabu hailaghai: kiasi kilekile kwenye lita zilezile hutoa uzito uleule. Amini hesabu uendelee.

Kipimo kimegoma 1.018 na hakishuki

Anza kwa kushuku kifaa. Haidromita, yaani vipimo vya kioo vinavyoelea kuonyesha uzito wa bia, nyingi zimetengenezwa kusoma 1.000 kwenye maji safi ya nyuzi 20, basi ijaribu. Bia yenye gesi huibeba haidromita juu ikasoma uongo, kwa hiyo mimina sampuli kutoka glasi hadi glasi mpaka povu liishe. Refraktomita nayo, kifaa kinachopima sukari kwa mwanga, bia ikishakuwa na pombe, husoma juu kuliko ukweli mpaka ufanye hesabu ya marekebisho. Wengi waliogoma kwenye "1.020" hawakugoma popote.

Kama kipimo ni cha kweli, swali linalofuata ni hili: hamira imechoka, au sukari imekwisha? Dondoo ina kikomo chake kilichowekwa kiwandani, na nyingine huishia 1.015 au 1.016 hata ufanye nini. Usikisie, kwa sababu upo mtihani wa siku tatu. Chota mililita 300 za bia kwenye chupa safi, tia kijiko cha chai cha hamira kavu, funika kwa karatasi ya foili, uweke sehemu yenye joto, hata juu ya friji. Kila ukipita hapo, itikise. Baada ya siku tatu pima.

Sampuli ikiwa imebaki palepale na ndoo, bia imekwisha kuchachuka, na unaweza kuisindika, yaani kuijaza chupani. Ikiwa sampuli imeshuka hadi 1.011 na ndoo bado iko 1.018, basi ndoo ina sukari hamira haijaila. Ipandishe hadi 22, izungushe taratibu ili hamira iliyotuama iinuke, bila kurusha rusha bia, maana hewa sasa ni adui. Ipe wiki. Isiposhuka, tia pakiti mpya uliyoiamsha kwenye maji ya uvuguvugu.

Wanaotumia SafAle WB-06, aina ya hamira kavu ya bia ya ngano, wazingatie jambo moja. Hamira hiyo ni ya kundi la diastaticus, inayoweza kuvunja hata sukari ndefu ambazo hamira nyingine huziacha. Inashuka polepole, na inaweza kwenda chini sana ya 1.010. Bia iliyoonekana kutulia kwenye 1.014 kwa siku mbili inaweza kuwa safarini bado, na safari hiyo ikimalizikia ndani ya chupa ni hatari.

Chupa zinalipuka, au bia inaruka yote ukifungua

Hili ndilo tatizo pekee humu linaloweza kumpofusha mtu.

Bia ya ngano inapendeza ikiwa na gesi nyingi, ujazo tatu au zaidi, yaani lita tatu za gesi ndani ya kila lita ya bia. Kila gramu ya sukari kwa lita huongeza karibu robo ya ujazo, na bia iliyochachuka kwenye nyuzi 20 tayari imebaki na kama 0.85. Kwa hiyo gramu 8 kwa lita, sawa na gramu 160 kwa lita 20, zinakufikisha karibu na tatu. Hesabu hiyo ni salama kwa masharti mawili: bia imemaliza kuchachuka, na chupa ni nzito. Chupa za bia za kurudisha kreti, za rangi ya kahawia, zimetengenezwa kutumika tena na tena. Pitisha kidole mdomoni mwa kila moja kutafuta mkwaruzo, na angalia kitako kwenye mwanga. Chupa nyembamba za kutupa zisizidi gramu 6 kwa lita. Chupa za mvinyo na za juisi zisitumike kabisa.

Pima sukari kwa mizani, iyeyushe kwenye maji yaliyochemka, na uichanganye na bia yote kwenye ndoo safi kabla ya kujaza. Kijiko kwa kila chupa kinaleta chupa moja bubu na nyingine bomu. Na usisindike mpaka vipimo viwili vilivyopishana siku tatu viwe sawa; kwa WB-06, subiri wiki nzima kati yake.

Kwenye kila pishi, jaza pia chupa moja ya plastiki ya soda ya nusu lita. Iminye kila siku. Mwanzoni inabonyea, siku ya nne au ya tano inakaza, na ikishakuwa ngumu kama ya dukani, zilizobaki ziko hivyohivyo. Ikiendelea kuvimba hadi kitako chake kitune, hujachelewa: zipeleke zote kwenye friji.

Kama zimeshaanza kupasuka, vaa miwani na glavu nene, zifunike kwa blanketi lililolowa, usizishike kwa pupa. Zipoze kwanza, maana baridi hupunguza shinikizo, ndipo ulegeze vizibo moja moja chini ya taulo.

Kutambua chanzo ni rahisi. Chupa moja ikiruka na nyingine ni salama, hiyo moja ilikuwa chafu. Zikiruka zote na ladha ni nzuri, ulisindika mapema au sukari ilizidi. Zikiruka zote na bia imekonda, imekuwa chachu au inanukia hospitali, pishi lote limeingiliwa.

Na kama hakuna gesi kabisa baada ya wiki mbili, uliza kwanza chupa zilikaa wapi. Friji inasimamisha kazi. Kisha shika kizibo kwa vidole ujaribu kukizungusha: kikizunguka, hakikubana.

Bia imekuwa chachu, au ina utando mweupe juu

Ukali kama wa maziwa mala ni bakteria wa laktiki. Ukali wa siki ni bakteria wanaohitaji hewa, basi tafuta mahali hewa ilipopitia, mara nyingi ni kifuniko kilichofunguliwa kila siku kwa hamu ya kuchungulia. Bia ya ngano ina hopsi chache, na hopsi ndizo zinazowazuia bakteria wengi, hivyo usafi ambao ulitosha kwenye bia chungu hapa hautoshi. Mpira wa kuhamishia bia na bomba la chini ya ndoo ndio maficho yao. Bomba lifunguliwe vipandevipande. Mpira wenye ukungu wa ndani utupwe, ni bei ya soda mbili tatu.

Rangi imekoza, kuna ladha ya wino au sukari iliyoungua

Dondoo nzito huzeeka. Kopo lililopita baharini, likakaa bandarini na ghalani kwenye joto, linafunguliwa likiwa na rangi ya asali ya zamani, na ladha yake kavu ya wino haitoki kwa kuchemsha. Angalia tarehe, au nunua ya unga, inayostahimili zaidi mradi tu unyevu usiifikie. Kwenye hewa ya pwani pakiti iliyoachwa wazi inageuka jiwe.

Kuungua ni kosa la jikoni. Zima moto kabisa kabla ya kumimina dondoo, koroga kwa mwiko mpaka chini pawe laini, ndipo uwashe tena. Ukitaka rangi nyepesi zaidi, chemsha hopsi na theluthi moja tu ya dondoo, na iliyobaki uitie dakika kumi za mwisho. Simama hapo hapo, povu la ngano hupanda ghafla.

Nyepesi mdomoni kama maji

Ulifuata karatasi ya kopo iliyosema uongeze kilo ya sukari. Safari ijayo, mahali pa sukari weka kilo ya dondoo ya ngano ya unga.

Haina povu, au imetakata kama maji

Povu likikosekana na gesi ipo, mara nyingi kosa ni la glasi. Ilowanishe kwa maji safi uimwage: maji yakibaki kama matone badala ya kuenea sawasawa, kuna mafuta au sabuni. Isugue kwa magadi, suuza, iache ikauke yenyewe bila kitambaa.

Ukungu kupotea kunatokana na friji. Hamira imetuama chini. Mimina sehemu kubwa ya chupa, bakiza kidole kimoja, zungusha chupa mpaka mashapo yote yaachie, kisha umalizie juu. Dondoo imekwisha kuchemshwa na kuchujwa kiwandani, kwa hiyo ukungu wake wa protini ni mdogo kuliko wa nafaka. Ukitaka kuuongeza, koroga kijiko kimoja cha chakula cha unga wa ngano kwenye maji baridi na ukitie kwenye sufuria robo saa kabla ya kuzima. Kisizidi kimoja, kwa sababu wanga unaobaki kwenye bia huwapa chakula bakteria na hamira pori.